Redio za wahafidhina Marekani: Nani anajibu?

MIMI nilisomea ukimbizini Ngara, Tanzania, ambako Radio Kwizera ilianza kutusemea mwaka 1995. Sisi tuliorudi tunajua nguvu ya redio, ndiyo maana habari za Marekani zinatuhusu.

Huko, kanuni ya mwaka 1949 ilivitaka vituo vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Ilifutwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji mhafidhina, akaanza kusikika nchi nzima, mpaka alipofariki mwaka 2021. Wengi walimwiga.

Juni 2022, Mahakama ya Juu iliyarudishia majimbo suala la utoaji mimba. Tangu hapo, wabunge wa majimbo nao hawatoki midomoni mwa watangazaji hao.

Watetezi wao husema wanawasemea wasiosikilizwa na vyombo vikubwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini simu ya mpinzani hukatwa mtangazaji apendapo.

Sisemi hao ni sawa na RTLM ya Rwanda, iliyochochea mauaji mwaka 1994. Nasema mfanyabiashara wa mpakani akisikia upande mmoja tu, atamwogopa mteja wake wa ng'ambo. Ndugu zangu, tusikilize vituo viwili kabla ya kumhukumu jirani.