Kutu, Bakteria na Maji ya Kisima

Katika miaka ya 1970 wananchi wengi wa Bangladesh waliacha maji ya madimbwi, yaliyowaletea kipindupindu, wakachimbiwa visima vya pampu za mkono. Maji yalikuwa maangavu. Mnamo 1993 iligunduliwa kuwa baadhi yana aseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha, ambayo baada ya miaka huleta madoa ya ngozi na saratani.

Tope lililoteremshwa na mito kutoka milima ya Himalaya lina kutu ya chuma, na aseniki imeigandama kutu hiyo. Chini ardhini, pasipofika hewa, wamo bakteria ambao huitumia kutu kwa kupumua, kama sisi tuitumiavyo oksijeni. Kutu huyeyuka, aseniki huachiliwa majini. Chuma kikipandishwa juu na kukutana na hewa hurudi kuwa kutu, kikaacha wekundu ndooni.

Mama wa nyumbani aliyezoea kuchemsha maji hapati kinga hapa: moto huua vijidudu, lakini aseniki hubaki, tena maji yakipungua sufuriani huzidi ukali. Visima vilipimwa, vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama kijani. Wengi wakaanza kuteka kwa jirani, pengine hatua chache tu, kwani visima viwili vilivyokaribiana huweza kutofautiana kabisa.