Risasi 16, Kimya cha Siku 400
Wapo wanaoona maandamano dhidi ya mauaji ya polisi nchini Marekani kuwa fujo za bure. Nchi yenye mahakama na magazeti huru, wanasema, haina haja ya watu kujaa barabarani. Kisa cha Laquan McDonald wa Chicago kinawakatalia. Kijana huyo mweusi wa miaka 17 aliuawa usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014 na askari mzungu, Jason Van Dyke. Polisi walieleza kwamba aliwajia na kisu, na askari waliokuwapo wakaandika ripoti za kuunga mkono maelezo hayo. Lakini kamera ya gari la polisi ilinasa mambo mengine kabisa. McDonald, kisu mkononi, anatembea barabarani akiyakwepa magari ya polisi. Van Dyke anashuka, na baada ya sekunde chache anafyatua. Kijana anaanguka, na risasi zinaendelea kumpata palepale chini kwenye lami, mpaka zinatimia 16.

Video hiyo serikali ya jiji ilikuwa nayo muda wote. Aprili 2015 baraza la jiji liliidhinisha familia ilipwe dola milioni 5 hata kabla haijafungua kesi, na video ikabaki kufichwa. Ilibidi mwandishi wa habari aende mahakamani, na jaji aamuru itolewe. Tarehe 24 Novemba 2015, siku 400 baada ya kifo, Van Dyke alishtakiwa kwa mauaji, saa chache tu kabla video haijatangazwa. Ushahidi ulikuwa uleule wa mwaka uliopita. Jipya lilikuwa kwamba sasa umma ungeuona. Siku tatu baadaye waandamanaji waliziba milango ya maduka ya kifahari ya Michigan Avenue, katika siku ya mauzo makubwa, wakipaza sauti kuhesabu hadi 16. Tarehe 1 Desemba meya Rahm Emanuel akamfukuza kazi mkuu wa polisi, Garry McCarthy. Machi 2016 wapigakura wakamwangusha mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya, Anita Alvarez, katika kura za mchujo za chama chake.

Watetezi wa polisi watasema kazi ya askari ni ya hatari, na kisu ni kisu. Ni kweli. Ila askari waliomfuata McDonald tangu mwanzo, walioikabili hatari hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi, hawakufyatua hata risasi moja. Walikuwa wameomba kifaa cha kumpiga shoti ya umeme. Wengine watasema haki ni ya mahakama, si ya barabarani. Sawa, lakini jaji hawezi kuamua kesi ambayo haijafikishwa mbele yake, na wenye mamlaka ya kuifikisha ndio waliokuwa wameikalia. Uchomaji wa majengo, kama uliotokea Minneapolis mwaka 2020 baada ya kifo cha George Floyd, ni kosa na haufai kutetewa. Kuhesabu hadi 16 mbele ya duka si uhalifu.

Oktoba 2018 Van Dyke alipatikana na hatia ya mauaji ya daraja la pili. Alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 9, lakini akaachiwa mapema, Februari 2022. Askari watatu walioshtakiwa kwa kuficha ukweli ili kumlinda waliachiwa huru wote.