Zulia la Mkono: Usihesabu Nyuzi Pekee

Je, msomaji, umewahi kupapasa zulia kwa kiganja kabla ya kuuliza bei? Zulia la kawaida ni bapa kama meza. Lile lililochongwa hukuonyesha mchoro wake hata ukifumba macho: hapa kilima, pale bonde, hapa ukingo wa jani.

Wengi hudhani mazulia hayo ni ya majumba ya kifahari pekee. Sivyo. Vifaa vyake vinapatikana Soko la Toi, ubavuni mwa Kibera, na kwenye vibanda vya mitumba vya Kawangware. Sweta la sufu lililotoboka kiwiko halina mnunuzi, lakini likifumuliwa nyuzi zake bado ni nzima.

Namna ya kutengeneza

Wamba gunia la katani kwenye fremu ya mbao, kisha chora umbo kwa makaa. Kwa sindano ya kroshia, vuta uzi kutoka chini ya gunia utokeze juu kama kitanzi. Sehemu ya chini ya mchoro iwe na vitanzi vya sentimita 1. Ile unayotaka iinuke, sentimita 2. Ukimaliza, kata ncha za vitanzi virefu na upunguze kingo kwa mkasi ulioinamishwa. Hapo ndipo ua hujitokeza kama lililochongwa. Paka gundi upande wa nyuma, la sivyo vitanzi vitachomoka.

Rangi nazo zina siri. Nyekundu na manjano huonekana kusogea mbele. Buluu na kijani kizito hurudi nyuma. Weka rangi kali mahali palipoinuka, nayo macho yatasaidia mkasi.

Na mchoro utoke wapi? Si lazima kuiga waridi la kiwandani. Wanawake wa Kinubi, ambao jamii yao ndiyo iliyoipa Kibera jina lake lenye maana ya msitu, husuka tabaga, kifuniko cha chakula chenye duara na pembe za rangi nyingi. Kijana anayetafuta mchoro na aanzie hapo, kwa ruhusa na heshima ya wenyewe.

Hesabu inayoumiza

Tuseme vifaa vimekula shilingi 800 na kazi imechukua siku 6. Mama akiuza kwa shilingi 1,500, anabaki na 700. Gawanya kwa siku 6: hazifiki hata 120 kwa siku! Amelipwa nyuzi; mikono yake, macho yake na ubunifu wake vimekwenda bure. Ndiyo sababu wengi huiacha kazi hii wakidhani haina soko, kumbe kosa liko kwenye bei.

Wewe mwanafunzi unayetaka kujaribu, andika saa zako kwenye daftari tangu kitanzi cha kwanza.

Nawe mnunuzi, kagua kabla ya kulipa. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichafuka, rangi inachuja. Vuta kitanzi kimoja polepole. Kikitoka, gundi ni hafifu. Lakini zulia likifaulu majaribio hayo, usianze kulilia bei nusu kwa nusu. Muulize fundi limemchukua siku ngapi, kisha piga hesabu mwenyewe.

Cha mkono hakina mwenzake. Ukikitandaza sebuleni, kumbuka kuna aliyepiga magoti kabla yako.