Makazi Makuu na Kodi ya Uhamisho wa Mali Isiyohamishika: Mazingatio Kutoka Gitega na Muyinga, Burundi

Utangulizi

Nchini Burundi, anayenunua nyumba au kiwanja chenye hati miliki hulipa asilimia 3 ya thamani ya mali hiyo ili umiliki uhamishiwe jina lake. Kiwango hiki ni kimoja kwa wote. Mwalimu anayenunua nyumba yake ya kwanza mjini Muyinga na mfanyabiashara anayenunua ya tano mjini Gitega hupimwa kwa mizani ileile. Zipo nchi zilizoachana na usawa wa namna hii. Kuanzia Aprili 2016, Uingereza ilimtoza anayenunua nyumba ya ziada pointi 3 za asilimia juu ya kodi ya kawaida ya ununuzi, na mwishoni mwa Oktoba 2024 nyongeza hiyo ilipandishwa hadi pointi 5. Anayebadilisha makazi yake makuu husamehewa. Akinunua nyumba mpya kabla ya kuuza ya zamani, hulipa kwanza, kisha hurejeshewa iwapo atauza ile ya zamani ndani ya miaka 3.

Hoja ya kuiga utaratibu huo nchini Burundi ni rahisi kujengwa, hasa baada ya Gitega kufanywa mji mkuu wa kisiasa. Makala haya yanajadili swali linalotangulia kiwango cha nyongeza: makazi makuu ni yapi, na nani ana uwezo wa kuyathibitisha?

Tafsiri zilizopo Afrika Mashariki

Sheria za majirani zimekwisha kulijibu swali hili, ingawa zaidi katika kodi nyingine. Nchini Kenya, faida itokanayo na mauzo ya nyumba ya kuishi husamehewa kodi ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha. Tanzania nayo hudai miaka 3 ya umiliki na jumla ya miaka 3 ya kuishi, lakini huruhusu kuishi huko kuwe kwa vipindi; tena huweka ukomo wa faida ya shilingi milioni 15. Tofauti kati ya “mfululizo” na “kwa vipindi” yaonekana ndogo katika maandishi. Kwa mtumishi anayehamishwa kituo mara kwa mara, ni tofauti ya kulipa na kutolipa.

Rwanda imeshika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu vyanzo vya mapato vya mamlaka za mitaa ilisamehe kodi ya jengo kwa nyumba moja ambayo mwenyewe ameikusudia kuwa makazi yake, pamoja na majengo yake ya nyongeza, na nyumba hiyo ilibaki na hadhi hiyo hata pale mwenyewe asipokaa humo kwa sababu mbalimbali. Hapo hapakuwa na kuhesabu siku. Uzito uliwekwa kwenye tamko la mwenye mali, na idadi ndiyo iliyodhibitiwa: moja tu.

Gitega: nyumba tatu za mtumishi mmoja

Uamuzi wa kuhamisha mji mkuu ulitangazwa Desemba 2018 na kupitishwa na Bunge Januari 2019. Bujumbura ilibaki kuwa mji mkuu wa kiuchumi. Matokeo yake ni maisha ya aina mpya: mtumishi hufanya kazi Gitega siku za juma, mke au mume na watoto wamebaki Bujumbura kwa ajili ya shule na biashara, na wazazi wako kilimani, katika rugo alikozaliwa. Kwa kipimo cha idadi ya usiku, makazi yake makuu ni Gitega. Kwa kipimo cha familia, ni Bujumbura. Akiulizwa kwao ni wapi, atataja kilima. Kirundi chenyewe hakitenganishi mambo haya, kwa kuwa neno urugo hubeba ua, nyumba na familia kwa pamoja.

Sheria za asili ya Kifaransa na Kibelgiji, zilizorithiwa na Burundi, huyaweka makao ya kisheria ya mtu mahali penye shughuli zake kuu, na humpa makao mamoja tu. Kanuni hiyo ilitungwa ili mahakama na watendaji wajue wampate wapi mhusika. Haikukusudiwa kupambanua nyumba ya kuishi na nyumba ya kupangisha, na kuibebesha kazi hiyo kutazalisha kesi nyingi.

Gumu zaidi ni sehemu ya urithi. Mashamba ya vilimani kwa kawaida hayafiki hata hekta moja, na ugawaji baina ya ndugu huweza kubaki wazi kwa kizazi kizima. Je, fungu la mtu katika nyumba ya marehemu baba yake limfanye kuwa mwenye “nyumba nyingine”? Uingereza hupuuza fungu la urithi lisilozidi nusu, lakini kwa miaka 3 tu tangu kurithi. Muda huo kilimani Gitega hautoshi hata kukutanisha ndugu wote.

Muyinga: makazi yaliyokatizwa

Muyinga hupakana na Tanzania, na kituo cha Kobero ndicho mlango wake. Wakimbizi wa mwaka 1972 na wale wa baada ya 1993 walipoanza kurejea, wengi walikuta ardhi zao zikikaliwa na wengine. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kushughulikia mali zao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006, na mahakama maalumu ikafuata mwaka 2014. Aliyerejea anaweza kuwa na nyumba ya zamani yenye mgogoro, kiwanja alichonunua mjini ili apate pa kulala, na kibanda alichoacha ng'ambo ya mpaka. Sharti la kuishi miaka 3 mfululizo lingemdai ushahidi ambao vita vilimnyima. Kuhesabu mali za nje ya nchi, kama Uingereza ifanyavyo, kungemtoza kwa sababu ya ukimbizi wake.

Suala la wanandoa linastahili uangalifu wa pekee. Uingereza huwachukua mume na mke wanaoishi pamoja kuwa mnunuzi mmoja: nyumba ya mmoja huhesabiwa kwa mwenziwe. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, na ardhi ya kimila hurithiwa zaidi na wana wa kiume. Mwanamke wa Muyinga anayenunua kiwanja kwa akiba yake ya sokoni angelipa nyongeza kwa sababu ya nyumba ya mumewe, ambayo jina lake halimo katika karatasi yake yoyote. Angetozwa kwa mali asiyoweza kuiuza wala kuirithi.

Usajili

Asilimia 3 hutozwa mahali penye hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya Burundi hushikwa kwa mila, na huuzwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya majirani. Sheria ya ardhi namba 1/13 ya tarehe 9 Agosti 2011 ilianzisha huduma za ardhi za tarafa na cheti cha ardhi, ili haki hizo zitambuliwe bila safari ndefu ya hati miliki. Hivyo kuna njia tatu za kushika mali, na hakuna daftari moja linaloonyesha mtu ana nyumba ngapi. Nyongeza ya kodi ingemfikia yule tu aliyejitokeza kusajili. Wengine wangebaki na karatasi zao, au wangeandika bei pungufu.

Ugawaji mpya wa nchi umeongeza kazi. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Uliokuwa mkoa wa Muyinga sasa umo Buhumuza. Madaftari ya tarafa za zamani sharti yarithiwe na kuoanishwa na tarafa mpya kabla hayajatumika kuhesabia nyumba za mtu. Daftari la kaya, lenye majina ya wanaoishi katika kila nyumba, huonekana kuwa ushahidi wa haraka. Hata hivyo lilianzishwa kwa ajili ya usalama, na mwananchi akijua kuwa linatumika pia kumtoza kodi, atakuwa na sababu ya pili ya kulijaza visivyo.

Njia ya tamko, kama ya Rwanda, ndiyo inayoendana zaidi na hali hii. Kwa kuwa sheria namba 1/02 ya Machi 2016 kuhusu kodi za tarafa tayari imeipa tarafa kodi ya mwaka ya majengo na ardhi, tamko lingeweza kupokelewa huko, na nyumba za ziada zikatozwa mwaka hata mwaka badala ya siku ya kununua. Fomu yake ingehitaji mambo machache: nyumba moja iliyoteuliwa, fungu la urithi lisilogawanywa likiachwa nje ya hesabu, mali yenye shauri la madai likiwa bado halijaamuliwa ikiachwa vilevile, na pale mwenye tamko anapokuwa na mwenzi wa ndoa, haki ya mwenzi huyo kuteua nyumba iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe.