Mkataba na Mapatano: Maadili na Nguvu Baina ya Mataifa Katika Bonde la Ufa, 1904–1913

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza swali moja la zamani katika nadharia ya siasa za kimataifa, nalo ni hili: je, baina ya mataifa yasiyolingana kwa nguvu, maadili yana nafasi gani? Aghalabu swali hili hujadiliwa kwa mifano ya Ulaya. Thucydides, mwanahistoria wa Uyunani ya kale, alisimulia jinsi wajumbe wa Athens walivyowaambia watu wa kisiwa cha Melos, mwaka 416 K.K., kwamba haki huzungumzwa na walio sawa kwa nguvu tu. Hans Morgenthau naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, aliziona siasa za mataifa kuwa ni mapambano ya kutafuta nguvu, ingawa hakukana kwamba maadili huwawekea watawala mipaka. Waswahili wamezitia pande hizi mbili katika methali. Upande mmoja husema, "Mwenye nguvu mpishe", upande wa pili hujibu, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Hapa tutautazama mfano wa nyumbani, yaani mikataba ya Waingereza na Wamaasai. Hoja yetu ni kwamba katika mfano huu nguvu haikushinda kwa kuyafukuza maadili. Ilishinda kwa kujitwalia mamlaka ya kuamua nani aitweje, na lini.

2. Mikataba miwili

Hadi mwaka 1902 sehemu za Naivasha na Nakuru zilihesabiwa kuwa za Uganda. Mwaka huo zikahamishiwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, na serikali ilitaka walowezi wa Kizungu waje walime kando yake ili gharama zipate kurudi. Lakini malisho hayo yalikuwa ya Wamaasai. Ushahidi wa jambo hili ungali katika majina ya mahali: Naivasha, mathalani, ni jina litokanalo na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yachafukayo kwa mawimbi.

Mwezi wa Agosti 1904, huko Naivasha, Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, mkuu wao akiwa Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Hati hiyo ilisema kwamba Wamaasai, kwa hiari yao, wataondoka katika Bonde la Ufa na kukaa katika hifadhi mbili: moja Laikipia, na nyingine kusini ya reli. Hifadhi hizo zingeunganishwa kwa njia, nazo zingekuwa zao maadamu kabila la Wamaasai lipo. Yafaa izingatiwe kwamba hati haikutaja idadi ya miaka. Kipimo chake kilikuwa ni uhai wa watu wenyewe.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Mwezi wa Aprili 1911, wakati wa Gavana Sir Percy Girouard, ulifanywa mkataba wa pili, uliowataka Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Kadiri ya watu 10,000, pamoja na mifugo yao, walihamishwa hadi kufikia mwaka 1913.

3. Hukumu ya mwaka 1913

Wamaasai wa kaskazini, chini ya Legalishu, hawakushika mikuki, walikwenda mahakamani. Katika kesi ya Ole Njogo na wenziwe walidai kwamba mkataba wa 1904 ungali na nguvu, na kwamba waliotia alama zao katika ule wa 1911 hawakuwa na uwezo wa kuwafunga wenzao wote.

Mahakama haikuamua kama ahadi ilivunjwa au la. Ilisema kwamba Himaya si sehemu ya milki ya Mfalme. Kwamba Wamaasai si raia wake, bali ni watu wa nchi ya kigeni waliobakiwa na mamlaka ya kutosha kufanya mikataba na dola nyingine. Na kwamba mambo ya dola na dola hayaamuliwi na mahakama ya nchi. Rufaa nayo ilishindwa mwaka huo huo.

Msomaji atauliza: kama Wamaasai walikuwa dola, ni nani aliyewahamisha? Na kama walikuwa watawaliwa, kwa nini hawakusikilizwa na mahakama ya mtawala wao? Walipewa jina la dola ili wasipate haki za raia, lakini hawakupewa haki za dola. Huenda mtu akasema kwamba majaji walifuata tu sheria ya wakati wao. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kanuni ingebaki ile ile. Lakini Himaya ilipogeuzwa kuwa Koloni la Kenya mwaka 1920, mahakama iliamua, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, katika kesi ya ardhi ya Wagikuyu, kwamba Waafrika sasa ni wapangaji katika ardhi ya Mfalme, wakaao kwa ridhaa yake. Kwanza ugeni ulikuwa sababu ya kunyimwa. Kisha uraia ukawa sababu.

4. Lugha ya makubaliano

Kiswahili chatusaidia kuona kasoro hii. Neno "mkataba" latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika, ladokeza hati. Neno "mapatano" latokana na kitenzi "patana", chenye kiambishi cha kutendana; halitimii pasipo watendaji wawili. Hati ya 1904 iliandikwa kwa Kiingereza, na viongozi wasiojua kuisoma wakaweka alama zao baada ya kufasiriwa. Bila shaka ilikuwa mkataba. Kama ilikuwa mapatano, hilo ni swali jingine.

Neno "himaya" nalo lina historia ya kutufunza. Maana yake ya asili ni ulinzi. Leo twasema "himaya ya Warumi" tukikusudia dola itawalayo nchi nyingi. Neno lililomtaja mlinzi limekuwa likimtaja mtawala pia.

5. Hitimisho

Suala hili halijazikwa. Wajumbe wa Wamaasai waliikumbusha Uingereza mikataba hiyo katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1962. Na mwezi wa Agosti 2004, miaka mia ilipotimia, Wamaasai waliandamana wakidai ardhi yao. Serikali ya Kenya haikuyakubali madai hayo.

Kwa nadharia, fundisho ni kwamba haitoshi kuuliza kama mwenye nguvu alitaja maadili, kwani hati ya 1904 ilitaja hiari na ahadi. Yatupasa kuuliza kama jina alilompa mwenziwe wakati wa kutia sahihi ndilo alilompa wakati wa kudaiwa. Nasi tutungao istilahi za siasa na sheria kwa Kiswahili tusiyafanye maneno "mkataba" na "mapatano" kuwa kitu kimoja, maana tofauti yake ndiyo waliyokwenda kuidai mahakamani watu wa Laikipia.