Kwa Nini Msitu wa Mto Tana Hauhitaji Moto

Wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, nyasi za Balambala hukauka kabisa. Cheche moja kutoka tanuri la makaa au kwa mrina asali inaweza kuteketeza malisho ya wiki nyingi.

Wapo wanaosema moto husaidia msitu kuota upya. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya misitu duniani. Huko Marekani kuna aina ya msonobari ambao matunda yake hufungwa kwa utomvu mgumu. Joto la moto huyeyusha utomvu huo, mbegu zikadondoka kwenye majivu na kuota. Ndivyo misonobari ilivyorudi baada ya moto mkubwa wa mwaka 1988 katika Hifadhi ya Yellowstone.

Miti ya ukingo wa Tana huzaliana kwa njia nyingine. Mti uitwao kitaalamu Populus ilicifolia huota kwenye tope jipya linaloachwa na mafuriko. Mbegu ya mgunga ina ngozi ngumu, lakini mbuzi na ngamia wakila matunda yake, ngozi hiyo hulainika tumboni na mbegu hutoka pamoja na samadi. Moto ukipita hapo huua miche na kuunguza matunda ambayo mifugo huyategemea wakati wa ukame. Miti ikifa, kingo za mto hubaki bila mizizi ya kushika udongo.

Malisho nayo hayachipui bila mvua. Anayechoma Januari atasubiri mvua za gu, zinazoanza Machi au Aprili, huku mifugo ikikosa hata nyasi kavu. Mathenge ukichomwa huchipuka tena kwenye kisiki. Ni heri kung'oa kisiki chenyewe.

Wakazi wa Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri mnahimizwa:

- Msisafishe shamba kwa moto, hasa upepo ukivuma.
- Fyekeni nyasi kuzunguka jiko la nje, boma na mizinga.
- Zimeni makaa kwa maji na mchanga kabla ya kuondoka.
- Mkiona moshi porini, mjulisheni chifu au ofisi ya wadi mara moja.

Kumbukeni pia kwamba kuwasha moto katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016.