Kutoka Kibo hadi Ihumwa: Sabu aliyoifanya nesi

Ilikuwa dakika ya 70 hivi, kwenye uwanja wa vumbi pale Ihumwa, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Straika wa wenyeji aliruka juu na beki, vichwa vikagongana, akaanguka chali. Vumbi lilipotulia alikuwa ameshasimama, anacheka, anapiga kelele "nipo fiti!" Mashabiki wakashangilia, kocha akamwonyesha dole gumba.

Aliyekataa ni dada nesi, ambaye wikiendi hujitolea pale na begi lake la huduma ya kwanza. Aliingia uwanjani, akamwambia dogo atembee juu ya mstari wa pembeni, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Ya nne tu akayumba. Nesi akageukia benchi na kuzungusha mikono: sabu.

Matusi yaliyofuata hayaandikiki gazetini. Mechi ilikuwa 1-1 na benchi halikuwa na straika mwingine.

Baadaye nilimuuliza kipimo kile alikitoa wapi, nikidhani atataja kozi ya madaktari wa michezo. Akasema Kilimanjaro. Alipanda wakati wa likizo, na walipofika Kibo mwongozaji wao alimtembeza kila mtu vilevile kabla ya safari ya usiku ya kwenda kileleni. Aliyeyumba ni yeye mwenyewe, nesi. Akateremshwa.

Kwa sisi wa Dodoma, tulio mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, mambo haya yako mbali. Daktari anaweza kufanya kazi huku miaka 20 bila kumwona mgonjwa mmoja wa mwinuko. Lakini kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pale Coco Beach. Wengi huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Balaa ni ubongo ukivimba, mtu akaanza kuyumba kama mlevi, au mapafu yakijaa maji, akawa anahema hata akiwa amekaa. Oksijeni ipo, deksamethasoni ipo, nifedipini ipo. Ila tiba kubwa ni kumshusha, hata kama ni saa nane za usiku.

Angalia njia ya Marangu. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Yaani kila siku unaongeza mita 1,000, wakati wataalamu wanashauri ukishapita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ndiyo maana wenye akili huongeza usiku mmoja Horombo.

Sasa nani atamwambia mtalii aliyelipa mamilioni kwamba safari imeishia hapo? Na kuna wapagazi, ambao kule huitwa wagumu. Jina lenyewe linakwambia kila kitu. Mgumu akiumwa anaweza kunyamaza asikose ujira wake, kama straika wetu na "nipo fiti" yake.

Kazi hii inasomewa. Tangu 1997 kuna stashahada ya kimataifa ya tiba ya milimani, iliyoanzishwa na vyama vya UIAA, ICAR na ISMM. Wanafunzi wake hawaishii darasani. Wanafunga kamba, wanatembea kwenye theluji, wanabeba machela. Nepal nao wanaitoa, na kule zahanati ya Pheriche, zaidi ya mita 4,200 juu, imekuwa ikipokea wapandaji tangu 1973. Sisi tuna mlima mrefu kuliko yote Afrika na Hospitali ya KCMC chini yake tangu 1971. Vijana wa udaktari na unesi, wa KCMC na hata wa UDOM hapa, wangepelekwa mlimani wiki mbili tu, wajifunze kumtoa mtu asiyetaka kutoka.

Na msidhani mpira haufiki huko. Juni 24, 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza dakika 90 kamili kwenye kreta ya Kilimanjaro, mita 5,714, wakaweka rekodi ya dunia. Matokeo yalikuwa 0-0. Kwa hewa ile, mimi nawapa wote pointi tatu.

Soka lenyewe limechelewa kwenye hili. Sabu ya ziada kwa aliyeumia kichwa, ambaye akitoka harudi, iliingia rasmi kwenye sheria 17 mwaka 2024 tu, tena kwa mashindano yatakayoamua kuitumia. Ndondo za Ihumwa hazijafika huko.

Dogo alitapika mara mbili usiku ule, akakimbizwa hospitali. Ameruhusiwa, anapumzika nyumbani. Timu ilifungwa 2-1, na hadi naandika hapa kocha bado hajamsalimia nesi.